Kisu cha Daktari na Ugonjwa wa Kansa



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya ugonjwa ambao watu wa Buha huutaja kwa sauti ya chini, ama hawautaji kabisa. Jina lake la zamani katika Kiswahili ni saratani, na siku hizi wengi huuita kansa. Kansa ni za namna nyingi, wala hatuwezi kuzieleza zote katika kurasa hizi chache. Twachagua mbili tu, kansa ya titi na kansa ya ngozi, kwa sababu zote mbili hutokea mahali ambapo jicho laweza kuona na mkono waweza kugusa. Ugonjwa wa ini hujificha ndani, wala mtu halaumiwi asipoujua; bali hizi mbili huja na kubisha hodi mlangoni. Tena zote mbili, zikiwa bado changa, dawa yake ya kwanza ni kisu. Nacho kisu ndicho watu wanachokiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

KANSA NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika mahali pake, kila moja kwa zamu na kwa kiasi. Kansa ni chembe zilizoasi. Huzaana bila kiasi, hazifi kwa wakati wake, nazo husukuma na kuharibu zile njema zilizo kando yake.

Mwanzoni hukaa mahali pamoja, kama magugu yaliyoota pembeni mwa shamba la maharagwe. Mkulima akiyang'oa siku hiyo pamoja na mizizi, shamba limepona. Akiyaacha mpaka yatoe mbegu, upepo utazitawanya hata mashamba ya mbali, na jembe lake halitatosha tena. Mbegu za kansa hazipelekwi na upepo. Hupita katika mishipa ya damu na katika mifereji myembamba ya maji ya mwili. Kansa ya titi mara nyingi hufika kwanza katika tezi za kwapani, kisha huweza kwenda katika mifupa, mapafu, ini, hata ubongo.

Mtu akiufahamu mfano huu, ameifahamu nusu ya habari yetu. Kisu chaweza kuondoa kilicho mahali pamoja. Hakiwezi kufuata mbegu zilizokwisha kutawanyika. Basi si kweli kwamba kansa haina dawa. Kweli ni kwamba dawa yake ina wakati wake.

Tena yafaa tuseme wazi: kansa haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala kitanda kimoja naye, wala kwa kumwosha kidonda. Haiji kwa kijicho cha jirani, wala si malipo ya kosa la mtu.

MFANO WA MAMA NA PUNJE YA HARAGWE

Na tufanye mfano. Mama mmoja wa Kumsenga, mwenye watoto watano, aoga jioni baada ya kutoka shambani, na mkono wake wagusa katika titi kitu kigumu mfano wa punje ya haragwe. Akibonyeza, hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, asema moyoni, "Si kitu." Hapo ndipo anapodanganyika mara ya kwanza, kwa maana kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haina maumivu yo yote. Jipu huuma upesi na kumpeleka mtu hospitali upesi. Kansa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndio hila yake.

Mvua za kwanza zimekuja, yampasa kupanda. Kisha ni palizi, kisha ni mavuno. Punje ya haragwe imekuwa kama yai la kuku. Sasa amwambia mama mkwe wake, naye kwa huruma ampeleka kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale na kupakwa dawa. Miezi inapita. Ngozi ya titi yaanza kubonyea na kuwa na vitundu kama ganda la chungwa; chuchu yaingia ndani; kwapani pana vinundu. Ndipo mume wake asema, "Twende hospitali," lakini yampasa kwanza kukaa na ndugu zake kufanya shauri, na kuuza mbuzi wapate nauli. Daktari wa wilaya awaambia kwamba yampasa kwenda Mwanza. Mwanza ni mbali, mtoto mdogo bado ananyonya, tena hakuna jamaa wa kumpokea huko. Wanarudi nyumbani kufanya shauri tena.

Afikapo mbele ya daktari wa kupasua, mwaka mmoja na nusu umekwisha, nazo mbegu zimetawanyika.

Je, ni nani aliyemchelewesha? Tukitazama vema, hatumwoni mtu mwovu katika habari hii. Mama alikuwa na kazi. Mama mkwe alikuwa na huruma. Mume alifuata desturi ya kushauriana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake njema, na sababu hizo njema zikajumlika zikawa miezi 18. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika nyumba nyingi. Katika Tanzania yetu kansa ya titi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa kansa za wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi; na yapata wanawake 8 katika kila 10 wenye ugonjwa huo hufika hospitali ukiwa umekwisha kuwa mkubwa au kuenea. Katika nchi ambazo wanawake hupimwa mapema, ugonjwa ukikutwa ungali katika titi peke yake, zaidi ya 9 katika kila 10 huwa hai bado baada ya miaka mitano. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti kubwa ni siku ya kufika, na matibabu yanayomngoja mgonjwa huko afikapo.

NENO LA WATU: "KISU HUAMSHA KANSA"

Watu wengi husema, "Fulani alikuwa na uvimbe akaishi nao, alipopasuliwa tu, akafa." Hatupendi kuwacheka wasemao hivi, kwa maana wameona kwa macho yao. Lakini na tuyapime waliyoyaona. Yule aliyepasuliwa alikwenda lini? Kama alikwenda katika mwaka wa pili, mbegu zilikuwa zimekwisha kutoka kabla ya kisu kumgusa. Alikufa kwa zile mbegu, si kwa kisu. Mtu akiita watu kuja kuzima moto hali paa limekwisha kuanguka, hawezi kusema kwamba maji ndiyo yaliyoiunguza nyumba.

Tena wale waliopasuliwa mapema wakapona, wengi wao hawasemi. Mwanamke aliyekatwa titi hufunika kifua chake kwa kitenge, huendelea na kazi zake, wala jirani hajui. Hivyo makaburi ya waliochelewa huonekana na watu wote, na uzima wa waliowahi umefichwa chini ya nguo. Ndiyo sababu sifa ya kisu imekuwa mbaya kuliko matendo yake.

JINSI KISU KILIVYOJIFUNZA KAZI

Zamani kisu kilistahili kuogopwa. Watu walipasuliwa wakiwa macho, wamekamatwa na wanaume wenye nguvu, na wengi waliovumilia maumivu walikufa baadaye kwa kuoza kwa kidonda. Mambo haya yalibadilika hatua kwa hatua, na ajabu ni kwamba hatua mbili zilizo kubwa zahusu titi la mwanamke.

Mwaka 1804 katika nchi ya Japani alikuwako daktari aliyeitwa Hanaoka Seishu. Kwa miaka mingi alitafuta dawa ya usingizi, akachanganya mnanaha na mimea mingine yenye sumu, akajaribu kwa wanyama kwanza. Yasemwa kwamba mke wake alikubali kuinywa dawa hiyo ili ijaribiwe, akapoteza macho yake. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo Hanaoka alimnywesha mama mmoja mwenye umri wa miaka 60, akalala, naye akamtoa kansa ya titi bila yeye kusikia maumivu. Mama huyo hakuishi muda mrefu baadaye, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kukua. Lakini tangu siku hiyo ilijulikana huko kwamba mtu aweza kupasuliwa naye amelala. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajaujua usingizi wa namna hiyo. Wao waliupata kwa dawa ya etha miaka 42 baadaye, yaani mwaka 1846.

Hatua ya pili ni ya Joseph Lister, daktari wa Glasgow katika nchi ya Uskoti. Yeye alifahamu kwamba kidonda huoza kwa sababu ya vijidudu, akaanza kuosha vidonda na vyombo kwa dawa ya kaboliki. Mwaka 1867 dada yake mwenyewe, Isabella, alipata kansa ya titi. Lister alimpasua nyumbani kwake kwa njia yake mpya, na kidonda kikapona bila kuoza, naye dada akaishi yapata miaka mitatu zaidi. Usafi wa vyumba vya kupasulia vya leo, hata katika hospitali zetu za wilaya, watoka katika fundisho hilo.

Baada ya hayo kisu kilizidi kiasi. Mwaka 1894 William Halsted wa Marekani alitoa taarifa ya namna yake ya kukata titi lote, tezi za kwapani, na misuli mikubwa ya kifua pamoja. Wanawake wengi waliokatwa hivyo walibaki na kifua kilichobonyea na mkono mzito. Mwaka 1948 Daktari Patey wa London alionyesha kwamba ule msuli mkubwa waweza kuachwa. Kisha madaktari Umberto Veronesi wa Italia na Bernard Fisher wa Marekani waliwagawa wanawake wenye uvimbe mdogo mafungu: wengine wakatolewa titi lote, wengine wakatolewa uvimbe tu na kuchomwa mionzi baadaye. Wakawafuata kwa miaka mingi. Mwaka 2002, ilipotimia miaka 20, wote wawili walitoa taarifa moja: urefu wa maisha ya mafungu hayo haukutofautiana.

Basi, wasomaji, angalieni jinsi habari hii ilivyokwenda. Kisu kilianza kikiwa kikatili, kikawa kikubwa mno, na sasa kimekuwa cha kiasi. Mwenye kuogopa kisu cha leo, mara nyingi aogopa kisu cha mwaka 1800.

MAMA AKIENDA HOSPITALI HUFANYWAJE?

Kwanza, si kila uvimbe ni kansa. Vinundu vingi vya matiti, hasa vya wasichana, havina madhara. Kwa hiyo daktari hakati titi kwa kukisia. Hulipapasa titi na kwapa, huweza kulitazama kwa mashine ya picha, kisha kwa sindano huchukua kinofu kidogo sana, nacho hupelekwa kutazamwa kwa darubini. Jibu laweza kuchukua siku nyingi, kwa kuwa wenye ujuzi wa kusoma vinofu hivyo ni wachache nao wako katika hospitali kubwa. Mgonjwa na asirudi nyumbani na kusahau jibu lake. Kinofu kisichofuatwa ni kama barua isiyofunguliwa.

Ikiwa ni kansa, daktari hutazama kama imekaa mahali pamoja. Uvimbe ukiwa mkubwa, huenda akaanza na dawa za kuupunguza, ndipo akate. Ukiwa mdogo, huenda ikawezekana kutoa uvimbe na kuliacha titi. Lakini hapa yatupasa kusema kweli: mwanamke aliyeachiwa titi yampasa kuchomwa mionzi kwa majuma kadhaa baadaye, na mashine za mionzi haziko Kibondo wala Kasulu. Ziko Bugando, Mwanza, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyojengwa na Wadachi mwaka 1897, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya taifa ya kansa. Mwanamke asiyeweza kukaa huko muda huo, huenda shauri jema kwake likawa kuondolewa titi lote. Na aulize yote mawili kabla ya kutia kidole chake katika karatasi ya kukubali.

Siku ya kupasuliwa hupewa dawa ya usingizi, hasikii lo lote. Daktari huondoa titi na, ikihitajika, tezi za kwapani, hushona ngozi, na kuacha mpira mwembamba wa kutoa maji kwa siku kadhaa. Mama huamka, na kwa kawaida siku ya pili aweza kuketi na kula. Yampasa kuanza mapema kuunyosha mkono wake kidogo kidogo kama alivyoonyeshwa, usije ukakakamaa. Mkono wa upande uliokatwa tezi waweza kuvimba hata miaka baadaye. Kwa hiyo ajihadhari asijikate wala kuungua kwa mkono huo, na asikubali kuchanjwa chale juu yake. Kulima ataweza tena, bali arudi kwenye jembe polepole.

Kinofu kilichokatwa hupimwa tena, maana kansa nyingine za titi hulishwa na homoni za mwanamke. Hizo zina dawa ya vidonge, iitwayo tamoksifeni, ambayo humezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Wako wanaoacha kumeza kwa sababu wajiona wazima. Vidonge hivyo si vya kuponya kidonda. Ni vya kuzuia mbegu zilizobaki zisiote.

Sasa twasema na akina baba. Mwanamke aendapo kukatwa titi, huogopa mambo mawili: kufa, na kudharauliwa nyumbani kwake. La kwanza ni kazi ya daktari. La pili liko mikononi mwako. Mama aliyewanyonyesha watoto wako hakupungua kwa kuwa amepunguzwa kiungo. Tena jueni kwamba wanaume nao hupata kansa ya titi, yapata mmoja katika kila wagonjwa 100. Mwanamume aonaye uvimbe chini ya chuchu yake asione haya.

KANSA YA NGOZI NA WATOTO WA KABANGA

Sasa tuje katika kansa ya ngozi. Watu weusi wamepewa katika ngozi yao rangi ambayo ni kivuli cha kudumu. Kwa hiyo kansa itokanayo na jua huwapata mara chache. Lakini wako ndugu zetu waliozaliwa bila kivuli hicho, yaani watu wenye ualbino. Jina la zeruzeru waliloitwa zamani lawaudhi, nasi tuliache. Mtoto huzaliwa hivyo baba na mama wote wawili wakiwa wamechukua asili hiyo katika damu yao bila kujua. Katika Tanzania huhesabiwa kuwa mtu mmoja katika watu yapata 1,400, na hesabu hiyo ni kubwa kuliko ya nchi nyingi za dunia.

Kwetu katika mkoa wa Kigoma habari hii si ya mbali. Tangu yapata mwaka 2007 watu waovu waliwaua na kuwakata viungo watu wenye ualbino katika nchi yetu, hasa kandokando ya Ziwa Nyanza, na mwaka 2008 mauaji hayo yakaonekana ng'ambo ya mpaka, Burundi. Makumi ya watu walikufa. Watoto wengi waliletwa Kabanga, karibu na Kasulu, katika shule ya watoto wenye ulemavu, wakalindwa ndani ya ukuta. Ukuta ule uliwazuia wenye mapanga. Lakini jua hupita juu ya ukuta, nalo limeua wengi kuliko mapanga.

Mwaka 1985 Daktari Luande na wenzake wa Dar es Salaam walitoa taarifa ya watu 350 wenye ualbino. Waliona kwamba ngozi huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na kwamba kansa kubwa huwapata wengi wangali vijana. Wengi wamekufa kabla ya kufika miaka 40, na karibu wote kwa ugonjwa uliokuwa ukionekana usoni pao kwa miaka. Nasi wa nyanda za juu yatupasa kuangalia zaidi. Hewa yetu ni ya baridi, na mtu haoni kama anaungua. Lakini kila apandapo mita 1,000, ukali wa mionzi ya jua huongezeka yapata sehemu 10 katika 100.

Ugonjwa huanza kama gamba kavu, au kidonda kidogo kisichopona, juu ya sikio, mdomo, pua, shingo au mgongo wa mkono. Likiwa gamba tu, daktari wa ngozi aweza kuliunguza kwa hewa ya nitrojeni iliyofanywa kuwa maji baridi mno, kazi ya dakika chache. Likiwa kansa changa, hulikata kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho bila maumivu, akichukua pamoja na ugonjwa milimita 4 hadi 6 za ngozi njema pande zote ili mizizi isibaki. Pengo likiwa kubwa, huchukua ngozi nyembamba ya paja na kulipandikiza. Nyingi za kansa hizi, zikikatwa mapema, hupona kabisa. Zikiachwa, hula mfupa wa fuvu au jicho, na hapo kisu hakina la kufanya.

Kazi hii hufanywa sana Moshi, katika hospitali ya KCMC, penye chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza kufundisha katika miaka ya 1990, na madaktari kutoka Hispania wamekuwa wakija kusaidia kupasua. Huko huko hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo KiliSun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ili wapewe pasipo kuyanunua. Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Mtoto na avae kofia ya pama yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu na suruali ndefu au sketi ndefu. Asitumwe kuchunga wala kupalilia kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Na shuleni akae mbele, mbali na dirisha la jua, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu. Mzazi amfundishe kazi ya ndani: kushona, ualimu, duka, ukarani. Kumpa mtoto huyu jembe kuwa urithi wake ni kumpa jua liwe urithi wake.

DONDA LA ZAMANI NA ALAMA YA WAYONI

Mwenye ngozi nyeusi asidhani kwamba yeye amesalimika. Iko kansa inayotokea katika kovu la moto au katika donda ndugu la mguu. Mtoto aliyeanguka katika moto wa mafiga, akaachwa na kovu lisilofunga vema, huenda akapata ugonjwa huu baada ya miaka 20 au 30. Dalili yake ni kwamba donda la zamani lageuka tabia: kingo zake zainuka, lanuka kuliko kwanza, latoka damu kwa kuguswa. Likikatwa mapema mguu huokoka. Likifika mfupani, huenda daktari akalazimika kuukata mguu ili kuokoa maisha.

Tena iko nyingine kali zaidi, iitwayo melanoma, ambayo kwa watu weusi hupenda wayo wa mguu, kiganja, na chini ya ukucha. Huwa kama doa jeusi linalokua, lenye kingo zisizo sawa. Sisi tutembeao shambani bila viatu huidhania kuwa jeraha la mwiba. Mwiba hupona, doa hili halipo tayari kupona. Lenyewe halipaswi kukwaruzwa kwa wembe nyumbani, bali lionyeshwe kwa daktari upesi.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi tufupize. Kila mwanamke na ajipapase matiti mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi. Naye aliyekoma hedhi achague siku moja ya mwezi. Uvimbe mgumu, ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, nundu la kwapani: lo lote katika haya likidumu majuma mawili, aende kituo cha afya bila kungoja liume. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa majuma manne kwa mwenye ualbino, au donda la mguu lililopita miezi mitatu kwa mtu ye yote, lipimwe.

Na katika kila nyumba yafaa shauri lifanywe kabla ya ugonjwa kuja. Mume na mke waketi siku moja ya amani na kusema, "Likitokea, tutakwenda mara moja, nani atabaki na watoto, na ni mbuzi yupi atakayeuzwa?" Shauri lililofanywa siku ya amani huokoa miezi ile iliyompotea mama wa mfano wetu. Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Aliyesoma haya na amsomee asiyejua kusoma, hasa mama mkwe wake, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayeambiwa kwanza.